Kupanga Sentensi Zilizochanganywa Ziwe Aya Yenye Mtiririko

Utangulizi

Msafiri anayetoka Eldoret kwenda Bungoma kwa matatu hupita Turbo, kisha Webuye, ndipo afike Bungoma. Hakuna kondakta atakayekushusha Webuye kabla ya kupita Turbo. Barabara ina mpangilio wake, na anayeijua hahitaji kubahatisha.

Aya nayo ni barabara. Kila sentensi ni kituo kinachomtoa msomaji mahali fulani na kumfikisha pengine. Vituo vikichanganywa, msomaji hupotea hata kama kila sentensi peke yake ni sahihi kisarufi. Katika sehemu hii, mwanafunzi, tutajifunza namna ya kuzipanga upya sentensi zilizochanganywa, na namna ya kuutumia ujuzi huo unapojibu maswali ya vitabu teule.

Kufikia mwisho wa somo, uweze:
- kuzitambua dalili zinazoonyesha sentensi ipi inatangulia na ipi inafuata;
- kuzipanga sentensi ziwe aya moja yenye mshikamano na kuutetea mpangilio wako;
- kutofautisha mpangilio wa matukio yalivyotokea na mpangilio wa matukio yalivyosimuliwa;
- kuandika jibu la fasihi ambalo hoja zake zinafuatana.

Ujuzi huu unatahiniwa wapi?

Ulipokuwa shule ya msingi ulikutana na swali la kupanga sentensi nne au tano na kuchagua jibu kati ya A, B, C na D. Wanafunzi wengi wa kidato cha nne hudhani ujuzi huo uliishia huko kwa kuwa hawalioni swali lenyewe katika karatasi zao. Wanakosea. Swali limebadilisha sura tu: sasa sentensi unazotakiwa kuzipanga ni zako mwenyewe.

Tazama karatasi zote tatu. Katika Insha, mtahini anatarajia aya zinazofuatana kimantiki. Katika Lugha, swali la ufupisho lina alama 15, na mara nyingi sehemu ya alama hizo hutengewa mtiririko. Mtahiniwa aliyezipata hoja zote lakini akaziorodhesha ovyo huipoteza alama hiyo ilhali hakukosea hoja hata moja. Katika Fasihi, kila swali lina alama 20, na mengi huuliza sababu, athari au mabadiliko. Sababu isipotangulia tokeo lake, mtahini hawezi kuona kwamba umeelewa.

Kwa ufupi, unaweza kukijua kitabu chote na bado ukapoteza alama kwa sababu uliyoyajua hukuyapanga.

Dalili tano za kukuongoza

Usianze kwa kubahatisha. Lugha ya Kiswahili ina alama zake za njiani, na nyingi zimo ndani ya maneno yenyewe.

1. Sentensi ya kwanza hujitegemea.
Isome sentensi peke yake. Je, inakufanya uulize "nani huyo?", "kipi hicho?" au "baada ya nini?" Ukiuliza hivyo, sentensi hiyo inategemea nyingine, kwa hivyo haiwezi kufungua aya. Sentensi inayofaa kufungua humtaja mhusika au mada waziwazi.

2. Nomino hutangulia kiashiria chake.
Maneno kama huyo, hicho, hiyo, huo na hayo hurejelea kitu ambacho kimekwisha kutajwa. Hapa ngeli ni msaada mkubwa. Ukiona "kituo hicho", tafuta sentensi iliyotaja kituo kwa mara ya kwanza. Ukiona "hicho" pekee, unajua kwamba kinachorejelewa kiko katika ngeli ya KI-VI. Hakiwezi kuwa posta, wala mji, wala jina. Vivyo hivyo, "yake" na "wake" huhitaji mwenye kitu awe amekwisha kutajwa. Kwa kawaida pia jina kamili la mtu hutangulia jina fupi, kisha hufuata kiwakilishi.

3. Viambishi vya wakati.
Katika masimulizi ya wakati uliopita, kiambishi -li- hufungua tukio na -ka- huliendeleza. "Alifungua mlango, akaingia, akaketi." Sentensi yenye kitenzi kikuu cha -ka- kwa kawaida haianzishi habari; inaining'inia sentensi iliyotangulia. Kiambishi -po- cha wakati nacho, kama katika "alipofika", huunganisha tukio jipya na lililotangulia.

4. Maneno ya wakati.
Tarehe na miaka hujipanga yenyewe. Hata hivyo, jihadhari na vifungu kama "siku iliyofuata", "miaka miwili baadaye" na "hatimaye". Havina maana mpaka ujue vinahesabu kutoka wapi. Ukiona "miaka miwili baadaye", uliza: baada ya mwaka upi?

5. Viunganishi.
"Lakini", "hata hivyo" na "ilhali" huhitaji kauli ya kupingwa. "Kwa hivyo" na "kutokana na hayo" huhitaji sababu. "Kwa mfano" huhitaji kauli ya jumla iliyotangulia. "Aidha" na "isitoshe" huhitaji hoja ya kwanza kabla ya kuongeza ya pili.

Mfano wa kwanza: mpangilio wa wakati

Panga sentensi zifuatazo ziwe aya moja.

(a) Miaka miwili baadaye, kituo hicho kikapewa jina la Eldoret, ingawa nambari ya zamani haikusahaulika. Hata leo wapo wanaouita mji huu Sisibo.
(b) Mji wa Eldoret, unaojulikana leo kote duniani kwa wanariadha wake, ulianza kwa nambari tu.
(c) Hatimaye, tarehe 15 Agosti 2024, mji huo ulitunukiwa hadhi ya jiji, ukawa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru.
(d) Posta hiyo iliwavutia wafanyabiashara, na kando yake kikachipuka kituo kidogo kilichoitwa kwa nambari ya shamba lenyewe.
(e) Reli ilipoingia mwaka wa 1924, mazao ya wakulima yalipata njia rahisi ya kufika sokoni, na mji ukapanuka.
(f) Mwaka wa 1910, serikali ya kikoloni ilifungua posta katika shamba nambari 64 kwenye uwanda wa Uasin Gishu.

Tufanye kazi hii hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: tafuta kifunguzi. Sentensi (a) ina "kituo hicho", (c) ina "mji huo" na (d) ina "posta hiyo". Zote tatu zinategemea nyingine. Zinazobaki ni (b), (e) na (f). Kati ya hizo, (b) inataja mada nzima: mji ulioanza kwa nambari. Hiyo ndiyo sentensi kuu, nayo inafungua.

Hatua ya pili: unganisha jozi zilizo wazi. "Posta hiyo" katika (d) inaifuata "posta" iliyotajwa katika (f), kwa hivyo f-d ni jozi. "Kituo hicho" katika (a) kinafuata "kituo kidogo" katika (d), kwa hivyo d-a ni jozi nyingine. Tayari una mnyororo: f-d-a.

Hatua ya tatu: weka zilizobaki. Sentensi (e) ina mwaka wa 1924 na (c) ina mwaka wa 2024 pamoja na neno "hatimaye". Zinakuja mwisho, kwa utaratibu huo.

Jibu: b – f – d – a – e – c.

Hatua ya nne, ambayo wanafunzi wengi huiruka: isome aya nzima kwa sauti ukikagua kama ukweli umebaki ukweli. Chukua mwanafunzi aliyeiweka (a) baada ya (e). Aya yake ingesomeka vizuri masikioni: reli iliingia mwaka wa 1924, miaka miwili baadaye kituo kikapewa jina. Lakini angekuwa amesema kwamba Eldoret ilipata jina lake mwaka wa 1926, ilhali lilitolewa mwaka wa 1912. Hakubadilisha neno hata moja. Alihamisha sentensi moja tu, na historia ya mji ikawa ya uongo. Mpangilio nao husema jambo.

Mfano wa pili: mpangilio wa sababu na tokeo

Sasa tuingie katika kitabu teule. Chukua swali hili: Eleza jinsi taasubi ya kiume inavyoiathiri familia ya Yona na Sara katika tamthilia ya Bembea ya Maisha (Timothy Arege).

Mtahiniwa mmoja anaweza kujibu hivi:

"Yona ni mlevi. Neema anampeleka mamake kutibiwa mjini. Wanakijiji wanamsimanga Yona kwa kukosa mtoto wa kiume. Yona anapoteza kazi. Sara na Yona walikaa kwa muda bila mtoto."

Soma tena. Hakuna uongo hapo; mtahiniwa huyu amekisoma kitabu. Lakini je, ameeleza jinsi taasubi inavyoiathiri familia? Hapana. Ameyarusha matukio kama mahindi yaliyomwagika gunia likipasuka, na kumwachia mtahini kazi ya kuyaokota. Mtahini hana kazi hiyo. Yeye hutuza kilichoandikwa.

Sasa panga sentensi hizi zinazojibu swali lilo hilo:

(a) Pombe hiyo inampotezea kazi yake ya ualimu na kumfanya amnyanyase mkewe.
(b) Yona anashindwa kustahimili masimango hayo, anatafuta faraja katika pombe.
(c) Taasubi ya kiume inaiathiri vibaya familia ya Yona na Sara.
(d) Kwa hivyo, jamii inayomdharau mtoto wa kike humwangamiza hata baba aliyemzaa.
(e) Wanandoa hawa wanajaliwa mabinti watatu, lakini wanakijiji wanawasimanga kwa kukosa mtoto wa kiume.

Jibu: c – e – b – a – d.

Sentensi (c) ni kauli kuu inayolijibu swali moja kwa moja. "Wanandoa hawa" katika (e) inawarejelea Yona na Sara waliotajwa katika (c). "Masimango hayo" katika (b) yametoka kwenye kitenzi "wanawasimanga" katika (e). Hapa zingatia kwamba kinachorejelewa si lazima kiwe nomino ile ile. Kitenzi kinaweza kuzaa nomino katika sentensi inayofuata. "Pombe hiyo" katika (a) inaifuata "pombe" ya (b). "Kwa hivyo" katika (d) inafunga hoja.

Tazama pia kwamba hapa hatukuongozwa na tarehe. Tumeongozwa na swali la "kwa nini?" Kwa nini ananyanyasa? Kwa sababu ya pombe. Kwa nini pombe? Kwa sababu ya masimango. Kwa nini masimango? Kwa sababu ya taasubi. Kila sentensi imeshikwa mkono na iliyo mbele yake. Swali linaloanza kwa "Eleza jinsi..." au "Fafanua athari za..." linadai mpangilio wa namna hii.

Zingatia: kueleza sababu ya ulevi wa Yona si kumtetea. Unaonyesha mwandishi anavyomulika chanzo cha tatizo.

Kutokea na kusimuliwa

Wanafunzi wengi huyapanga matukio kwa kufuata kurasa: kilichosomwa kwanza huandikwa kwanza. Njia hii ni hatari, kwa kuwa waandishi wa fasihi hutumia mbinu rejeshi. Bembea ya Maisha inapoanza, Sara tayari ni mgonjwa. Shida zilizotangulia, yaani kukawia kupata mtoto, masimango na ulevi, tunazijua kupitia mazungumzo ya wahusika wakikumbuka. Kwenye jukwaa, ugonjwa umetangulia. Katika maisha ya wahusika, ugonjwa umefuata.

Kwa hivyo, kabla ya kupanga, lisome swali vizuri:

- Ukiulizwa maisha au mabadiliko ya mhusika, fuata mpangilio wa kutokea. Uliza: "Hili lilimpata lini?"
- Ukiulizwa ploti au mbinu za mwandishi, fuata mpangilio wa kusimuliwa, na utaje mahali ambapo mwandishi anarejea nyuma.
- Ukiulizwa muktadha wa dondoo, taja msemaji, msemewa, mahali na sababu ya maneno yale. Sababu hiyo ni lile lililotangulia mara tu kabla ya maneno kutamkwa, si lililofuata.

Je, panaweza kuwa na majibu mawili?

Ndiyo, mara chache. Ukiwa na sentensi mbili zinazotaja sifa mbili za mhusika mmoja, na hakuna kiunganishi wala kiashiria kinachozifunga, ipi itangulie si suala la sahihi au kosa. Katika hali hiyo, anza na hoja yenye ushahidi mzito zaidi kitabuni. Lakini usikimbilie kusema "zote sawa" kabla ya kuzikagua dalili zote tano. Mara nyingi dalili ipo, hujaiona tu.

Makosa ya kuepuka

1. Kufungua aya kwa kiwakilishi. "Yeye alimtesa mkewe..." Yeye nani?
2. Kutumia "hata hivyo" mahali ambapo hakuna kinachopingwa. Kiunganishi si pambo.
3. Kuhama wakati. Ukianza kueleza tamthilia kwa wakati uliopo ("Yona anageukia pombe"), usirukie "aligeukia" katikati ya aya bila sababu.
4. Kutoa ushahidi kabla ya hoja. Msomaji hajui ushahidi huo unathibitisha nini.
5. Kuweka hoja mbili kubwa katika aya moja. Hoja mpya ina aya yake.

Zoezi

A. Panga sentensi hizi ziwe aya moja, kisha utaje dalili iliyokuongoza katika kila hatua.

(i) Medali hiyo haikumtosha, na tarehe 20 Oktoba akajitosa katika mita 1,500 dhidi ya Jim Ryun wa Marekani.
(ii) Maumivu hayo yalimwangusha katika mbio za mita 10,000, mwisho ukiwa umekaribia.
(iii) Mwaka wa 1968, Kipchoge Keino alishiriki michezo ya Olimpiki nchini Mexico akisumbuliwa na maumivu ya nyongo.
(iv) Leo, uwanja mmoja jijini Eldoret unaitwa kwa jina la shujaa huyo.
(v) Siku nne baadaye, hata hivyo, alirejea uwanjani akanyakua fedha katika mita 5,000.
(vi) Mpinzani huyo aliachwa nyuma kwa mbali, Keino akatwaa dhahabu.

B. Yapange matukio haya ya Bembea ya Maisha kwa mpangilio wa kutokea, kisha uyaandike upya yawe aya moja ukitumia angalau viunganishi vitatu.

(i) Neema anampeleka Sara mjini kutibiwa.
(ii) Yona anazama katika ulevi na kupoteza kazi.
(iii) Sara na Yona wanakaa kwa muda bila kupata mtoto.
(iv) Wanakijiji wanawasimanga kwa kuwa watoto wao wote ni wa kike.

C. Chukua jibu lako la fasihi la hivi karibuni lililosahihishwa. Liandike upya kila sentensi kwenye kipande chake cha karatasi, uvichanganye vipande, kisha umpe mwenzako avipange. Akishindwa, kosa si lake. Tafuta mahali ambapo sentensi zako hazishikani, uzirekebishe.

Majibu na maelezo

A. iii – ii – v – i – vi – iv.
Sentensi (iii) inamtaja mhusika kwa jina kamili, mwaka na mahali, kwa hivyo inajitegemea. "Maumivu hayo" inaifuata "maumivu ya nyongo". "Siku nne baadaye, hata hivyo" inahesabu kutoka siku ya kuanguka na kupinga matarajio kwamba angekata tamaa. "Medali hiyo" ni ile ya fedha. "Mpinzani huyo" ni Ryun. Sentensi (iv) inatutoa mwaka wa 1968 na kutuleta leo, ndiyo hitimisho. Ukiiweka (v) mwisho wa mashindano, utakuwa umemfanya Keino ashinde dhahabu kwanza kisha fedha, jambo ambalo silo lililotokea.

B. iii – iv – ii – i.
Mfano wa aya: "Sara na Yona wanakaa kwa muda bila kupata mtoto. Hata wanapojaliwa watoto, wanakijiji wanawasimanga kwa kuwa wote ni wa kike. Kutokana na masimango hayo, Yona anazama katika ulevi na kupoteza kazi. Hatimaye, Sara anapougua, ni Neema, mmoja wa mabinti hao hao waliodharauliwa, anayempeleka mjini kutibiwa."

Itazame sentensi ya mwisho. Matukio yalipopangwa vizuri, kinaya kilijitokeza chenyewe: mtoto aliyesababisha masimango ndiye anayekuwa tegemeo la mamake. Mtahiniwa aliyeliandika tukio la Neema katika sentensi ya pili ya jibu lake alikuwa na kinaya hicho mkononi, akakipoteza kwa kukiweka mahali pasipofaa.

C. Jibu litategemea kazi yako.

Siku ya mtihani, kabla ya kuandika jibu la alama 20, tenga dakika mbili. Ziandike hoja zako kwa maneno machache pembeni mwa karatasi, uzipe nambari, kisha uanze. Dakika hizo mbili hazipotei. Zitakuokoa na kufutafuta baadaye. Kila la heri.